Jeraha Lisilo na Tarehe

Mtu aliyefiwa, aliyebakwa, aliyenusurika ajali au aliyefukuzwa kwenye ardhi yake huambiwa maneno yale yale kila pembe ya Afrika Mashariki: jikaze, piga moyo konde, yaliyopita si ndwele. Wanaoyasema huwa wanampenda. Siku hizi ushauri huo umepata mwenzake, unaosambazwa kwenye simu na kusikika hata mimbarini, kwamba mtu aishi katika saa iliyopo, avute pumzi, ayaache ya zamani yaende zake. Ushauri huu wa pili una ukweli mkubwa, na ule wa kwanza unao kidogo. Lakini kila mmoja ukitolewa kabla ya wakati wake humfungia mlango mtu mwenye maumivu, naye hujifunza kunyamaza. Nataka kuuliza ni nini hasa kinachomwezesha binadamu kuyaacha yaliyomuumiza, na kuwapo katika sasa kunaingia wapi katika kazi hiyo.

Tuanze na kumbukumbu. Mtu akiikumbuka harusi ya dada yake, anajua kwamba anakumbuka. Anajua ilikuwa mwaka gani, ilifanyika ukumbini au nyumbani, nani alichelewa na nani alilia. Kazi ya kulipa tukio mahali pake na wakati wake hufanywa kwa kiasi kikubwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Jirani yake ni amigdala, inayoshughulika na hatari. Hofu inapopita kiasi, amigdala hushika usukani na hipokampasi hulemewa, na kinachobaki ni vipande: harufu ya petroli, mlio wa buti, rangi ya shati. Vipande hivyo havina tarehe. Miaka kumi baadaye mama anapita kituo cha mabasi, harufu ile inampiga puani, na moyo unaanza kumwenda mbio, jasho linamtoka, miguu inataka kukimbia. Wakati huo hakumbuki tukio kama tunavyokumbuka harusi. Yumo ndani yake, na mwili wake haujapata habari kwamba lilikwisha.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia asahau, umempa kazi isiyowezekana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwataka wanafunzi wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zililia tena na tena. Kilichofuata kilishangaza zaidi: waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria mara nyingi kuliko wenzao ambao hawakuwa wamekatazwa hapo mwanzo. Dubu huyo hakuwahi kumdhuru yeyote kati yao. Sembuse uso wa mtu aliyekushikia panga.

Upande wa pili wa kujilazimisha kusahau ni kuwaza na kuwazua bila kikomo. Susan Nolen-Hoeksema alikuwa Chuo Kikuu cha Stanford, naye alikuwa amewauliza wanafunzi namna wanavyokabili huzuni, wengine wakitafuta la kufanya, wengine wakikaa na kuigeuzageuza. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko kubwa la ardhi likalipiga eneo la San Francisco. Alipowarudia, waliokuwa na tabia ya kuigeuzageuza huzuni kabla ya tetemeko ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona, hata wiki saba baada ya ardhi kutulia. Tabia hii ni hatari kwa sababu hujifanya kazi. Mtu anayejiuliza usiku kucha kwa nini yeye, na laiti angetoka mapema, na ingekuwaje kama angempigia simu mwanawe, huona kama anatafuta jibu. Hakuna jibu linalokuja, kwa kuwa maswali yenyewe yanadai jambo lililokwisha kutendeka litenduke.

Kwa hiyo wanaosema turudi katika sasa wamegusa jambo la kweli. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa programu ya simu, iliyowashtukia watu wazima 2,250 katikati ya siku zao na kuwauliza wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya nyakati hizo akili zilikuwa kwingine, si kwenye shughuli iliyokuwa mkononi. Akili iliyokuwa kwingine ilikuwa na furaha pungufu, na hata ilipokuwa imekwenda kwenye jambo la kupendeza, haikumfanya mtu awe na raha kuliko yule aliyekuwa hapo alipo. Wengi wa waliojibu walikuwa Wamarekani wenye simu za bei, na nisingependa mtu ayafanye matokeo hayo kuwa sheria ya binadamu wote. Hata hivyo yanalingana na kile ambacho wahenga wa dini nyingi wamekuwa wakikiona kwa macho tu.

Wabudha ndio waliokitengenezea mbinu kamili, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: kuiangalia pumzi, mwili, hisia na mwenendo wa akili, bila kuvifukuza wala kuvikumbatia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyesomea biolojia ya molekuli, aliifungulia mbinu hiyo kliniki katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, akaivua vazi la dini na kuifanya mafunzo ya wiki nane. Wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watu wenye maumivu ya kudumu ambao madaktari walikuwa wameishiwa la kuwafanyia. Hakuwaahidi kwamba maumivu yangekwisha. Aliwafundisha kutofautisha maumivu yenyewe na lile rundo la hofu na hasira linaloyazunguka.

Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyapeleka mafunzo hayo kwa watu waliowahi kuugua sonona. Jaribio lao la mwaka 2000 lilikuwa na washiriki 145 waliokuwa wamepata nafuu. Miongoni mwa waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, ugonjwa uliwarudia asilimia 66 ya waliobaki na matibabu ya kawaida, na asilimia 37 ya waliofundishwa. Kwa waliougua mara mbili tu, mafunzo hayakuleta tofauti. Uchunguzi uliofuata, wa Helen Ma na Teasdale, mwaka 2004, ulisaidia kueleza sababu. Mafunzo yaliwakinga zaidi wale ambao ugonjwa huwarudia bila pigo jipya maishani, kwa nguvu ya mawazo yenyewe yanayozunguka. Ugonjwa ulipoletwa na pigo jipya, kama msiba au kuvunjika kwa ndoa, kinga ilikuwa hafifu. Taarifa hii ningependa imfikie kila anayeuza utulivu wa nafsi kama dawa ya kila kitu. Kuwapo katika sasa humsaidia mtu ambaye adui yake mkubwa ni mawazo yanayojirudia. Aliyefukuzwa nyumbani jana, sasa yake yenyewe ndiyo inayouma.

Kuna onyo jingine, na hili ni zito zaidi. Unapomwambia mtu aliyeteswa afumbe macho, anyamaze na aisikilize pumzi yake, unaweza kuwa unampeleka moja kwa moja kwenye chumba alichoteswa. Wapo waliobanwa pumzi. Wapo walioambiwa wafumbe macho. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amefanya kazi ya miaka mingi ya kuorodhesha madhara yanayowapata baadhi ya watu katika kutafakari kwa kimya: hofu kali, kukosa usingizi, kumbukumbu zinazofumuka, na kujihisi umetengana na mwili wako. Walimu waangalifu siku hizi humwacha mtu wa namna hiyo macho wazi, nyayo zikiwa sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, aguse mbao ya kiti. Hiyo nayo ni njia ya kuwapo, na kwa mtu mwenye kiwewe mara nyingi ndiyo ya kuanzia.

Lakini baada ya kutulizwa, kumbukumbu isiyo na tarehe bado ipo, na kwa swali hili ushahidi ninaouthamini kuliko wote umetoka katika ukanda wetu. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, Frank Neuner, Maggie Schauer na wenzao, walifanya kazi na wakimbizi 43 wa Sudan waliokuwa wakiugua kiwewe cha vita. Kundi moja lilielimishwa tu kuhusu ugonjwa huo. La pili lilipata vikao vinne vya ushauri nasaha wa kawaida. La tatu lilipata vikao vinne vya kusimulia maisha yao, tangu kuzaliwa hadi leo, kwa mpangilio. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 29 ya waliosimulia ndio waliokuwa bado wanaugua. Katika makundi mengine mawili walikuwa karibu asilimia 80. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004, na miaka minne baadaye yakaja ya kambi ya Nakivale, pia nchini Uganda, ambako waliotoa tiba hiyo kwa Wanyarwanda na Wasomali walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa kazi.

Inafaa kueleza namna tiba hii inavyofanyika, maana ndani yake kuna jibu la swali letu. Kamba hutandazwa sakafuni. Mwanzo wa kamba ni siku ya kuzaliwa, na sehemu iliyobaki imekunjwa, kwa sababu ni miaka ambayo mtu hajaiishi bado. Msimulizi huweka ua penye jambo la furaha na jiwe penye jambo la kuumiza, akitaja mwaka, kijiji, msimu, alikuwa darasa la ngapi. Vikao vinavyofuata hupita juu ya kamba hiyo polepole. Wakifika penye jiwe hawaliruki. Mshauri anauliza: uliona nini, ulisikia nini, mikono yako ilikuwa wapi, uliwaza nini wakati ule? Na hapo hapo, machozi yakianza au mwili ukianza kutetemeka, anauliza swali la pili: na sasa hivi, hapa tulipo, unahisi nini? Mtu anakwenda kule na kurudi huku, kule na huku, mpaka mwili uanze kutambua kwamba kule ni kule. Simulizi huandikwa, husomwa tena mbele yake kikao kinachofuata, na mwisho hukabidhiwa yeye kama hati yake.

Kwenye kamba ile, mambo mawili ambayo washauri wengi huyaona kuwa yanapingana hufanya kazi moja. Mtu hawezi kulitazama jiwe bila kuwa na mahali pa kusimama, na mahali hapo ni saa iliyopo: kiti, sauti ya mshauri, jua la mchana dirishani. Wala hawezi kutulia kwa kweli katika saa iliyopo wakati jiwe halijawekwa kwenye mwaka wake. Kuyaacha yaliyopita, kama ninavyoelewa, ni kuyapa tarehe. Baada ya hapo yanakumbukwa, yanaliza hata, lakini hayamkamati tena mtu njiani.

Si lazima kila mtu asimulie kila kitu. Mashariki mwa Congo, Judith Bass na wenzake walilinganisha makundi mawili ya wanawake waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono: 157 walikutana kwa vikundi katika tiba ya kuyachunguza mawazo, na 248 walipata msaada wa mmoja mmoja. Katika tiba ile ya vikundi hawakutakiwa kueleza kinagaubaga walichotendwa. Walifundishwa kuyashika mawazo yaliyobaki baada ya tukio, kwamba nilijitakia, kwamba mwili wangu umeharibika, kwamba hakuna mtu wa kuaminika, na kuyauliza kama ni kweli. Wengi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalirahisishwa yashikike kwa kichwa. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi walikuwa na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya wenzao. Na hayo yalitokea katika vijiji ambavyo vita haikuwa mbali. Huko Moshi na Bungoma nako, katika utafiti wa watoto 640 waliofiwa na wazazi, washauri wasio na shahada waliwasaidia baadhi yao kueleza kifo cha mzazi kwa maneno yao, na katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo watoto waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliobaki na huduma za kawaida.

Ila kusimulia ovyo kuna hatari yake. Kwa miaka mingi, baada ya ajali na milipuko, wataalamu katika nchi nyingi waliwakusanya manusura ndani ya siku chache na kuwafanya waeleze kila kitu katika kikao kimoja. Tafiti zilipokusanywa pamoja zilionyesha kwamba kikao hicho hakizuii kiwewe, na kwa baadhi ya watu kilizidisha madhara. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Siku za mwanzo manusura anahitaji maji, blanketi, simu ya kuwapata jamaa zake, na mtu wa kukaa naye bila kumchokonoa. Rwanda inatoa funzo la namna nyingine. Mahakama za gacaca, zilizofungwa Juni 2012, zilisikiliza karibu kesi milioni mbili za mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na zilifanya kazi ambayo mahakama za kawaida zisingeweza kuimaliza. Lakini Karen Brounéus, mtafiti kutoka Sweden aliyewahoji Wanyarwanda 1,200, aliripoti mwaka 2010 kwamba waliosimama gacaca kutoa ushahidi walikuwa na sonona na kiwewe zaidi ya wasiotoa. Kusema mbele ya umati, mtuhumiwa akiwa hatua chache kutoka kwako na nduguze wakikusubiri njiani, ni huduma kwa taifa. Nafsi ya shahidi haitibiwi kwa njia hiyo, na ni haki yake kuandaliwa tiba yake.

Mila na dini zetu ziliyajua mengi kati ya haya. Msiba wa Kiswahili una siku zake: matanga yanaanuliwa, khitima inasomwa, kwa wengine inafika arobaini. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, muda ambao hakuna mwenye haki ya kumhimiza achangamke, na ambao una mwisho unaojulikana. Nabii Yaakub katika Kurani alimlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na bado subira yake inaitwa njema. Zaburi nyingi katika Biblia ni malalamiko ya mtu aliyeumizwa. Anayemkataza mfiwa kulia kwa jina la imani anaipunja imani yenyewe. Naona tumeyabakiza maombolezo ya jamaa waliokufa, tukawaacha bila desturi yoyote wale waliopoteza kitu kisicho na jeneza: aliyebakwa, aliyeharibikiwa mimba, kijana aliyelelewa kwa kipigo, mhamiaji aliyerudishwa kutoka Ghuba baada ya kudhulumiwa.

Kuna pia maumivu ambayo hayapewi tarehe kwa sababu aliyeyatenda hajakubali kwamba aliyatenda. Wakenya walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza Oktoba 1952 walikaa miaka hamsini na zaidi wakiambiwa wasonge mbele. Wachache wakaishtaki serikali ya Uingereza wakiwa wazee. Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje, alisimama bungeni London akakiri kwamba waliteswa, akaeleza majuto, na serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228, ingawa haikukubali kubeba dhima ya kisheria. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Siamini kwamba kuna zoezi la pumzi ambalo lingeweza kufanya kazi ya kukiri kule, na yeyote anayewahubiria waliodhulumiwa waache ya kale, hali madai yao yamelala kwenye makabati ya ofisi, anawatumikia waliodhulumu.

Na wakati mwingine kinachoitwa zamani ni kodi ya nyumba ya mwezi huu. Huko Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi hamwambii mtu atulize akili. Anamsikiliza, kisha wanachagua tatizo moja na kupanga hatua ya kulishughulikia. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 14, wakati waliobaki na huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50.

Tiba nilizozieleza hazikuhitaji mashine wala hospitali ya rufaa. Zilihitaji watu waliofunzwa, vikao kati ya vinne na dazeni moja, mahali penye faragha, na msimamizi wa kuwasaidia washauri wenyewe wasilemewe. Zahanati zetu na vituo vya afya vina wahudumu wa jamii waliokwisha kubeba kampeni za chanjo, za Ukimwi na za malaria, na wizara za afya zinaweza kuwaongezea ujuzi huu zikiamua. Nawe msomaji, jamaa yako akikueleza mkasa ule ule kwa mara ya kumi, usimkatize kwa methali. Muulize ilikuwa mwaka gani, alikuwa wapi, nini kilifuata, kisha muulize anajisikiaje hapo alipokaa. Akikataa kusema, usimlazimishe, kaa naye. Na kama ndoto mbaya, mishtuko na kukwepa mahali au watu vimeendelea zaidi ya mwezi mmoja tangu tukio, mpeleke hospitali, uulizie huduma ya afya ya akili, kwa maana huo ni ugonjwa na unatibika.